Akitoka Soba, Anarudi Wapi?

Familia nyingi hapa Mbeya zikigundua kijana wao anatumia unga, yaani heroini, au pombe imemshinda, hupita njia ileile. Kwanza ni kuficha. Halafu maombi. Halafu kikao cha ukoo: wajomba wanaitwa, shangazi analia, na mwishowe anatokea mtu aliyewahi kuishi Dar es Salaam anayesema, "Kuna soba," yaani nyumba wanamokaa watu wanaoacha ulevi. Michango inaanza hapo. Ndama anauzwa, magunia ya mpunga wa Kyela yanatolewa stoo kabla bei haijapanda, dada aliyeolewa Makambako anatuma kwa simu. Kijana anapandishwa basi la alfajiri katikati ya kaka zake wawili, asije akashuka Chimala au Igawa. Baada ya miezi kadhaa anarudi amenenepa, uso una nuru, anaamkia wazee wote. Tunachinja kuku.

Katika vikao hivyo vyote nilivyokaa, vya kwetu na vya majirani, sijasikia mtu akiuliza: akitoka huko, anarudi wapi?

Mdogo wangu alikuwa utingo wa malori. Alianzia Tunduma, kwenye foleni ya mpakani, mahali ambapo lori linaweza kulala siku kadhaa likisubiri karatasi na vijana hawana la kufanya isipokuwa kukaa chini ya tela. Watu wa bara tumezoea kuliona jambo la unga kuwa la pwani. Lakini heroini inayotoka Afghanistan huvushwa Bahari ya Hindi kwa majahazi hadi ufukwe wa Afrika Mashariki, na sehemu yake huendelea kwa barabara kuelekea Afrika Kusini. Barabara hiyo ni hii yetu, inayopita Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako, Uyole, Mbalizi mpaka mpakani. Mzigo unaopita kila mara hauwezi kukosa kuacha wateja njiani.

Sina ugomvi na soba. Zanzibar ilitangulia kufungua nyumba ya namna hiyo mwaka 2009, Bara ikafuata, na leo nyaraka za Serikali zinaziita nyumba za upataji nafuu. Nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe, na hilo ndilo linalozipa uzito, kwa kuwa huwezi kumdanganya mtu aliyewahi kusema uongo uleule kwa mama yake. Ratiba ni ya kuamka mapema, usafi, kupika kwa zamu, vikao vya asubuhi na jioni, na kazi ya hatua 12. Hatua hizo zilitokana na kundi la walevi wawili waliokutana Akron, Marekani, mwaka 1935, na baadaye wakazichukua waliokuwa wakitumia dawa za kulevya. Kwa mtu ambaye siku yake nzima ilikuwa kutafuta kete, kile kifurushi kidogo cha unga, ratiba ni tiba.

Arosto yenyewe, yale mateso ya mwili unapokosa ulichozoea, ambayo sisi wa nyumbani tunaiogopa kuliko kitu kingine chochote, ndiyo sehemu fupi. Kwa heroini huanza kabla siku moja haijaisha tangu alipotumia mara ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida katika wiki moja au zaidi kidogo mwili unakuwa umetulia. Kutapika, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Inatisha kuiona lakini ni mara chache huua. Pombe ni tofauti, na hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu huku kwetu wengi wanateswa na pombe kuliko unga. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka na kuona visivyopo. Bila hospitali anaweza kufa. Kumfungia mlevi wa kila siku chumbani ili "pombe imtoke" ni hatari. Mpeleke hospitali kwanza, hayo mengine yafuate.

Tabu kubwa huja baada ya kurudi.

Mdogo wangu aliporudi, alirudi kwa mama. Angerudi wapi tena? Na mama yetu anapika komoni, pombe ya kienyeji. Alianza kabla mimi sijazaliwa, na kwa pipa lile la unga wa mahindi na kimea cha ulezi amesomesha watoto, amejenga vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, amelipa nauli za wagonjwa wa ukoo mzima. Wateja wake ni watu wa heshima, wanaomwita mama na kumsaidia kupasua kuni. Huko soba walimfundisha kijana wetu kubadilisha watu, mahali na vitu. Ni fundisho zuri. Lakini analitekelezaje kijana ambaye kitanda chake kiko chumba cha pili kutoka kwenye pipa, na ambaye kumwambia mama aache kupika ni kumwambia aache kula?

Unga haukuwa wa pale nyumbani, kweli. Alikuwa hajali komoni kabla. Ila mtu aliyetoka kwenye unga akianza "kopo moja tu, mama hajakataa" huwa hatulii hapo, na yeye hakutulia.

Iringa kwa mama mdogo mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Tulimpeleka Kilolo tukidhani kijijini ni salama, mbali na malori. Tulimpeleka kipindi cha mvua, na mvua ndiyo msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi inakatwa ncha, mbeta zinatundikwa, asubuhi na jioni mtu anapita kukinga. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, hata watoto wanapewa, ukilala unakuwa mkali. Mgeni akifika hakaribishwi kwa maji. "Kamwene!" halafu kikombe. Kijana anayekataa kikombe cha mjomba wake mbele ya wazee anahesabiwa kuwa na kiburi au ana dini mpya, na akieleza sababu ya kweli anakuwa amejitangaza kijiji kizima. Simlaumu mjomba. Alimpa mpwa wake kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo siku hiyo.

Na huko mjini kuna kazi za vibarua. Ukitoka soba bila mtaji, kazi iliyo wazi kwako ni kubeba viazi Uyole au kushusha mizigo Mwanjelwa. Malipo ni ya siku, mkononi, saa kumi na moja jioni, na kundi zima linatoka pamoja kwenda palepale linakokwenda kila siku. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017, na tulishukuru sana, lakini zilikuja chupa ndogo za plastiki zinazoingia mfuko wa shati vilevile.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu mtu akirudia, maneno tunayoyasema ni kwamba hana nia, hana shukrani, amekula hela zetu za ng'ombe. Huku tumemrudisha kwa mikono yetu mahali ambapo kila saa ya siku kuna mtu anayempenda anayemwekea mezani kile kilichomwangusha.

Kuna jambo ambalo ukoo wetu tuliambiwa na muuguzi, na ningependa kila ukoo uambiwe kabla ya kuku kuchinjwa. Heroini huua kwa kusimamisha pumzi. Anayetumia kila siku mwili wake umezoea kiwango fulani. Akikaa wiki au miezi bila kutumia, mazoea yale yanaondoka. Akirudia siku moja tu na kupima kipimo chake cha zamani, mwili hauwezi tena kukibeba. Kwa hiyo majuma ya kwanza baada ya kutoka soba au gerezani ndiyo ya hatari kubwa kabisa, kuliko hata alipokuwa akitumia kila siku. Ipo dawa ya kumzindua, nalokisoni, lakini ni lazima awepo mtu wa kumwona amelala vibaya na kumkimbiza hospitali. Aliyejifungia peke yake chumbani kwa aibu hana wa kumwona.

Hii ndiyo sababu nazungumzia nyumba ya pili. Simaanishi soba nyingine yenye geti na mlinzi. Namaanisha nyumba ya kawaida ya kupanga, mtaani, wanamoishi watu wanne au sita walioacha, kila mmoja ana kazi au anatafuta, kila mmoja analipa sehemu yake, na wote wana ufunguo.

Wamarekani wanazo nyingi sana, na namna zilivyoanza inanipa moyo. Mwaka 1975, Silver Spring katika jimbo la Maryland, kulikuwa na nyumba ya umma ya walevi waliokuwa wakipata nafuu, na wakubwa wakaamua kuifunga kwa kukosa fedha. Wanaume waliokuwa wakiishi humo, mmoja wao akiwa Paul Molloy, hawakutawanyika. Walikodi nyumba ileile kwa fedha zao wakaendelea kukaa, bila msimamizi wala mshauri wa kulipwa. Wakaiita Oxford House. Sheria za msingi zilikuwa tatu: mambo yote yaamuliwe kwa kura, gharama zote zilipwe na wakazi wenyewe, na atakayekunywa au kutumia aondoke. Anayetaka kuingia anahojiwa na wakazi, na lazima apate asilimia 80 ya kura. Hakuna aliyepangiwa muda wa kutoka. Nyumba hizo leo ni maelfu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, waliwafuatilia watu 150 waliotoka kwenye matibabu. Kwa bahati nasibu nusu walipelekwa Oxford House, nusu wakaachwa waendelee na utaratibu wa kawaida, ambao kwa wengi ni kurudi walikotoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miaka miwili, walioishi kwenye zile nyumba waliokuwa wakitumia ni kama 31 kati ya 100. Wale wengine, kama 65 kati ya 100. Hawakupewa dawa mpya. Walipewa watu wa kuishi nao.

Nilipoyasoma hayo nilikuwa tayari nimeyaona, kwa udogo wake, hapa Mbeya, mtaa wa Iyunga.

Mdogo wangu alipoanza metadoni, dawa ya hospitali kwa waliozoea heroini, alikutana pale dirisha la dawa na vijana wengine. Huduma hiyo nchini ilianza Muhimbili Februari 2011, na hapa Mbeya katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda mwaka 2017. Ni dawa ya maji. Mtu anakunywa mara moja kwa siku mbele ya mtoa dawa, na kwa kuwa inakaa mwilini muda mrefu, inazuia arosto mpaka kesho yake bila kumlewesha aliyepimiwa sawasawa. Haitibu ulevi wa pombe, watu huchanganya hilo. Ugumu wake ni hiyo "kila siku". Mtu wa Kyela au wa Makambako hawezi kupanda basi kila alfajiri kuja Mbeya akabaki na kazi, wala nauli. Anahitaji mahali pa kulala hapa mjini, na gesti za bei yake ndizo zenye kila kitu anachokikimbia.

Wakawa wanne. Watatu wa metadoni na mmoja wa pombe, fundi wa kuchomelea, mkubwa kwao kwa umri, wakimwita bro. Wakapanga nyumba ndogo Iyunga. Sisi ndugu tulisaidia kodi ya mwanzo na magodoro, mengine wakayafanya wao. Karatasi ya manila ukutani ilikuwa na masharti kwa mwandiko wa bro: kodi mezani kabla ya tarehe moja, saa nne usiku kila mtu awe ndani, hakuna mgeni wa kulala, hakuna kukopeshana simu wala fedha bila wengine kujua. Jumapili jioni kikao, kila mtu anasema wiki yake ilivyokwenda. Nilihudhuria mara moja kwa kukaribishwa. Mmoja alisema kwamba siku ya malipo alikuwa amesimama kwenye kona fulani ya Mafiati muda mrefu, hajui kwa nini hakwenda. Hakuna aliyempa hotuba. Bro alimwambia tu, "Ijumaa ijayo nitakupitia kazini, tutarudi wote." Na Ijumaa akampitia.

Walibishana sana juu ya metadoni. Yule wa pombe mwanzoni alishikilia kwamba anayekunywa dawa hajaacha, na soba aliyopita mdogo wangu nayo ilikuwa na msimamo huo, metadoni ni marufuku getini. Mimi msimamo huo siukubali. Dawa inayopimwa na hospitali, inayomwezesha mtu kuamka, kufanya kazi na kulipa kodi, ni dawa. Kumlazimisha aiache ili aonekane msafi ni kumsogeza karibu na ile siku ya kipimo cha zamani. Walipiga kura, ikapita kwamba metadoni inaruhusiwa, na bro akaheshimu.

Jambo lililowasumbua zaidi ni lile la kumfukuza aliyerudia. Sharti ni lazima liwepo, kwa sababu kete moja ndani ya nyumba ni ya wote wanne. Lakini aliyerudia usiku ule ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote, na wewe unamfungulia mlango atoke saa tano na baridi hii ya Juni. Utaratibu walioufikia naona ni wa busara. Anaondoka nyumbani, lakini hatoki peke yake. Ndugu yake anapigiwa simu usiku uleule, mmoja wao anakaa naye mpaka ndugu afike, asubuhi anasindikizwa kliniki, na vitu vyake vinatunzwa. Baada ya muda anaweza kuomba kurudi, kwa kura. Ilitokea, ikafanya kazi. Sitasema kwa nani.

Nyumba ile haikuvunjwa na unga. Ilivunjwa na maneno. Jirani mmoja alimtambua kijana mmoja kuwa alikuwa teja wa stendi, habari ikazunguka, na mwenye nyumba akaja akiwa na upole wote akasema mwanawe anaoa, anahitaji nyumba. Walikuwa hawajawahi kuchelewesha kodi. Wawili wakarudi kwao. Bro amepanga chumba peke yake. Mdogo wangu yuko kwangu, sebuleni, na anakunywa dawa yake kila asubuhi, ila kwangu kuna watoto na mume na wageni, na mimi si mtu aliyepita alikopita yeye. Naona anavyonyamaza.

Wanawake nimewataja mwisho kwa sababu habari zao ni chache, na uchache huo unaniuma. Wapo, Tunduma na hapa, ila soba nyingi zinachukua wanaume. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni hana pa kwenda kabisa, na anayekwenda kliniki hujifunika khanga mpaka usoni. Nyumba ya wanawake watatu wenye watoto wao ingekuwa kitu kikubwa mno katika mji huu.

Najua pia kwamba nyumba zinaweza kugeuzwa biashara chafu. Arizona mwaka 2023 serikali ya jimbo ilifichua mtandao wa nyumba za namna hiyo zilizokusanya watu wa makabila ya asili, zikatoza bima ya umma mamilioni ya dola kwa tiba ambayo haikutolewa, na nyingine zikiwaacha waendelee kulewa. Kwetu mlango wa ubaya huo ni geti lenye kufuli na familia iliyo mbali. Ndugu, kabla hamjatuma fedha popote, ulizeni kama mnaruhusiwa kumtembelea bila kutoa taarifa, kama anaweza kupiga simu, kama kuna mtaalamu wa afya, na kama Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaitambua nyumba hiyo. Mamlaka ina namba ya bure, 119. Wakisema kupigwa ni sehemu ya tiba, mrudisheni siku hiyohiyo.

Kinachokwamisha nyumba ya pili hapa Mbeya ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Vijana wanne wanaofanya kazi wanamudu kodi ya mwezi bila shida. Ya miezi sita siku moja hawaimudu. Marekani walilibaini hilo, na sheria ya mwaka 1988 ikataka majimbo yawe na mfuko wa kuzunguka, nyumba inakopeshwa hadi dola 4,000 za kuanzia na wakazi wanarejesha kidogo kidogo. Sisi tuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, lakini ni mikopo ya shughuli za uzalishaji, na kikundi cha waliokuwa mateja kikifika kwa mtendaji hata barua ya utambulisho ni vita. VICOBA chetu cha mtaani tumeanza kutenga kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya kodi hiyo tu. Wakina mama walioafiki mwanzo walikuwa ni wale wenye vijana wao. Sasa wamo na wasio nao, na mama yangu, pamoja na pipa lake, hajakosa mchango hata mmoja.

Kwa hiyo kama una nyumba ya vyumba vitatu Ghana, Sokomatola au Mabatini, mahali ambapo mtu anaweza kutembea kwa miguu mpaka Hospitali ya Rufaa asubuhi na kuwahi kazini, na unaweza kupokea kodi ya miezi mitatu mitatu, niandikie. Ni vijana wanne wanaofanya kazi. Nitakwambia historia yao yote kabla hujasaini, na wao wenyewe wamekubali uambiwe, ili atakapokuja jirani na maneno uwe tayari unayajua.